Upanga wa sponji, nyasi za kweli: Hesabu ya shamba linalokodishwa kwa mchezo

KILA mwanzoni mwa mwezi Agosti, maelfu ya watu wazima huingia katika malisho ya Brokeloh, kijiji kidogo cha jimbo la Lower Saxony kaskazini mwa Ujerumani, wakiwa wamevaa ngozi, deraya na majoho. Hupiga mahema yao, hugawanyika katika kambi, kisha hupigana mchana kutwa kwa panga na ngao. Hakuna anayeuawa. Panga ni za sponji, na jioni maadui hukutana kwenye foleni moja ya chakula.

Mchezo huo, ConQuest of Mythodea, umekuwa ukifanyika hapo tangu mwaka 2004, katika ardhi ya shamba la kale la kikabaila lenye misitu na malisho. Ni miongoni mwa mikusanyiko mikubwa kabisa duniani ya michezo ya aina hii, inayojulikana kwa kifupi cha LARP. Mchezaji hapewi maneno ya kukariri kama katika tamthilia. Hujichagulia uhusika, akawa askari, mganga, mfanyabiashara au jambazi, na huishi uhusika huo kwa siku kadhaa. Hakuna jukwaa wala watazamaji. Shamba zima ndilo jukwaa.

Kwa mtu wa mjini hiyo ni burudani ya ajabu, lakini kwa mchumi wa kilimo ni suala la matumizi ya ardhi. Katika mchezo ambao karibu kila kitu ni cha kuigiza, vitu viwili si vya kuigiza: nyasi zinazokanyagwa na vifaa vinavyochakaa. Wengi huhesabu tiketi kwanza na kuyakumbuka mambo hayo mawili baada ya wageni kuondoka, na hapo ndipo faida inapopotelea.

Siku 14 na siku 21

Malisho ya kaskazini mwa Ujerumani hukatwa majani mara kadhaa kwa mwaka, mkato wa kwanza ukianza Mei au Juni. Majani hukaushwa yakawa hei, au hufukiwa yakawa saileji ya ng'ombe wa maziwa. Tarehe ya mwanzoni mwa Agosti ina mantiki yake. Mkato wa mwanzo umeshaingia ghalani, na kipindi cha kuanzia Aprili mosi hadi Julai 15, ambacho sheria ya Lower Saxony inalinda ndege na wanyama wanaozaa porini, kimeshapita. Aidha, watu wako likizo. Mwenye shamba anayepangisha wakati huo anapoteza mkato mmoja wa baadaye na si mavuno ya mwaka mzima.

Hata hivyo, ipo hesabu ya pili isiyoonekana, nayo ni ruzuku. Mkulima wa Ulaya hulipwa kwa kila hekta anayoitunza. Katika mfumo ulioanza mwaka 2023, malipo ya msingi ya Ujerumani yamekuwa kati ya euro 150 na 175 hivi kwa hekta kwa mwaka, mbali na nyongeza nyingine. Kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2015 zilieleza bayana ni lini matumizi yasiyo ya kilimo huhesabika kuwa yamekwamisha kilimo: yakizidi siku 14 mfululizo, au jumla ya siku 21 katika mwaka, au yakiharibu mazao na tandiko la nyasi, au yakipunguza mavuno kwa kiasi kikubwa.

Mchezo wenyewe unaweza kuwa wa siku tano tu, lakini kabla yake kuna malori ya kuleta vyoo, mabomba ya maji, jenereta, mahema makubwa na malango ya mbao ya ngome za bandia. Baada yake kuna kubomoa na kusafisha. Mwandaaji asiye makini hujikuta siku 14 zimekwisha huku mabomba yangali ardhini, na mwenye shamba ndiye atakayejieleza kwa afisa wa kilimo. Mkataba mzuri, kwa hiyo, hutaja tarehe ambayo kipande cha mwisho kitaondoka, pamoja na adhabu kwa kila siku ya ziada.

Siku zinahesabika kwa kalenda, lakini tope halina kalenda. Udongo uliolowa hupoteza nguvu ya kubeba mzigo. Lori likipita juu yake, nafasi ndogo za hewa zilizo kati ya chembe za udongo hushindiliwa, mizizi hukosa pumzi, na maji ya mvua inayofuata hutuama badala ya kuzama. Alama ya gurudumu husawazishwa kwa siku moja, lakini mshindilio wa chini hudumu kwa miaka. Mwaka 2023 tamasha la muziki la Wacken, ambalo nalo hufanyika Agosti katika mashamba ya kaskazini mwa Ujerumani, liliwalazimu waandaaji kusimamisha mapokezi ya wageni kwa sababu ya mvua na tope, ilhali nafasi zilikuwa za watu 85,000. Hilo lilikuwa tamasha lenye uzoefu wa miongo mitatu.

Ndiyo sababu mpangilio wa uwanja huanza na njia za magari na si kasri la mfalme. Njia ya lori hutandikwa mabamba au vipande vya mbao, na haihamishwi hata kama mchezaji mmoja analalamika kwamba inaharibu sura ya zama za kale. Magari ya wachezaji huegeshwa mbali, kwenye ardhi ngumu. Njia ya gari la zimamoto na la wagonjwa huachwa wazi usiku na mchana, nayo hailaliwi na hema hata moja. Kisha hugawanywa maeneo: kambi ambamo mchezo hauzimwi, kambi ya wanaotaka kulala bila kuvamiwa, na uwanja wa vita ambao umekaguliwa mashimo, visiki na mawe. Nguruwe pori akifukua usiku, asubuhi kuna mguu uliovunjika. Kamba za mahema zilizo kando ya njia hufungwa vitambaa vyeupe, maana anayekimbizwa na jini la kuigiza gizani haangalii chini.

Moto ni suala jingine. Idara ya hali ya hewa ya Ujerumani hutoa viwango vitano vya hatari ya moto wa misitu, na katika Agosti kavu viwango vya juu si jambo geni. Moto huwashwa ndani ya bakuli la chuma lenye miguu, ili nyasi zisiungue na mizizi isife. Mwenye shamba mwerevu huuza kuni mwenyewe. Anapata fedha, na papo hapo miti yake inapona shoka.

Stoo yenye mazimwi

Upande wa vifaa, hesabu inafanana na ile ya chama cha ushirika chenye mashine nyingi ndogo. Mchezaji huja na vyake, lakini mwandaaji lazima awe na stoo ya maleba na silaha za wasaidizi wanaocheza maadui. Msaidizi mmoja anaweza kuwa jambazi asubuhi, mzimu mchana na askari usiku. Kwa hiyo nguo hutoka na kurudi mara nyingi kwa siku, zikiwa na jasho, rangi za usoni na matope.

Bila leja, stoo hiyo huyeyuka. Utaratibu uliozoeleka ni kila kipande kuwa na namba, kila anayechukua kusaini, na mtu mmoja kuwa na ufunguo. Barakoa hufutwa kwa dawa kabla ya kuvaliwa na mwingine. Nguo iliyoloa haifungiwi katika mfuko wa plastiki, kwani kufikia mchezo ujao itakuwa ukungu mtupu. Ni mambo ambayo mama yeyote mwenye kabati anayajua, lakini saa nane usiku siku ya nne, wakati kila mtu amechoka, ndiyo yanayoachwa kwanza.

Upanga wenyewe una muundo wake. Katikati kuna fimbo ya faibaglasi, juu yake tabaka za sponji ngumu zilizokatwa umbo la panga, kisha ngozi nyembamba ya utomvu wa mpira iliyopakwa mara kadhaa, rangi, na lakiri ya juu. Fimbo haifiki nchani. Nchani huachwa sponji tupu, na ndiyo maana panga nyingi za aina hii haziruhusiwi kuchomea. Upanga ukisimamishwa kwa ncha kama bakora, fimbo hutoboa polepole kuelekea nje, na siku moja hutokeza katika jicho la mtu.

Ili jambo hilo lisitokee, kila silaha hukaguliwa kabla ya mchezo. Mkaguzi huupinda upanga taratibu, huibonyeza ncha kwa kidole, hutafuta mipasuko na kusikiliza kama fimbo imevunjika ndani. Pinde hupimwa pia. Michezo mingi huweka kikomo cha pauni 25 hadi 30 za mvuto, yaani chini ya kilo 14, na kichwa cha mshale huwa cha sponji pana kuliko tundu la jicho. Mkaguzi anayemwonea haya rafiki yake hafai. Bima ya dhima hailipi kwa urafiki.

Utomvu huo wa mpira una maadui watatu: jua, joto na mafuta ya petroli. Upanga ukiachwa wiki moja katika buti la gari lililoegeshwa juani, ngozi yake huanza kunata, kisha hupasuka. Unapaswa kufutwa ukakauka, kupuliziwa silikoni, na kulazwa au kutundikwa mahali penye giza na ubaridi.

Tuchukue mfano wa kikundi chenye panga 40 zilizonunuliwa kwa euro 60 kila mmoja, jumla euro 2,400. Kikundi hicho kinaandaa michezo miwili kwa mwaka, kila mmoja na wachezaji 100. Zikitunzwa na kudumu miaka mitatu, uchakavu ni euro 800 kwa mwaka, sawa na euro 4 kwa mchezaji katika kila mchezo. Zikidumu mwaka mmoja tu, inakuwa euro 12. Tofauti hiyo ya euro 8 haitokani na bei ya upanga bali na mahali ulipolala. Vikundi vingi vya kujitolea haviandiki uchakavu kabisa. Husema mwaka ulikuwa na faida, kisha mwaka unaofuata huchangishana kununua silaha upya.

Hapa mkulima wa Tanzania ana la kutafakari, kwa kuwa utomvu huo hutoka katika mti uleule wa mpira unaogemwa Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga bonde la Kilombero. Mpira wetu ulilengwa matairi ya kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichosimama mwaka 2009. Utomvu wa kupaka, kwa upande mwingine, huhifadhiwa kwa amonia na kuchujwa kwa mashine ya mzunguko hadi kubeba mpira wa takriban asilimia 60, kazi ambayo nchi kama Thailand zimeishika barabara. Soko la panga ni dogo mno kujengea kiwanda, na hata hilo linabanwa: baadhi ya watu wana mzio wa utomvu, na wapo watengenezaji, kama Calimacil ya Quebec nchini Kanada, wanaomimina sponji yenye ngozi yake bila kutumia utomvu. Glovu na mipira ya kiume ndiyo soko la kuangalia.

Kupanga au kumiliki

Swali linalowasumbua waandaaji ni ardhi ya nani. Mchezo wa kwanza kujulikana Uingereza, Treasure Trap, ulianza mwaka 1982 katika ngome ya Peckforton, Cheshire. Miaka michache baadaye mchezo ulikwishaondoka, na leo ngome hiyo ni hoteli na ukumbi wa harusi. Mpangaji hana neno la mwisho.

Bicolline, iliyoko Saint-Mathieu-du-Parc huko Quebec, ilichagua njia nyingine. Mchezo una eneo lake la kudumu lenye zaidi ya hekta 100, na vikundi vya wachezaji vimejenga humo nyumba za mbao kwa idhini ya waandaaji, hata pakawa na mji. Mchezaji aliyepigilia misumari paa lake mwenyewe harukii mchezo mwingine kirahisi. Lakini gharama zisizobadilika nazo ni za kudumu: paa, barabara, theluji na bima, iwe mchezo umechezwa au haukuchezwa.

Tofauti hiyo ilionekana mwaka 2020. Aprili mwaka huo serikali ya Ujerumani na majimbo zilikubaliana kuzuia mikusanyiko mikubwa hadi mwisho wa Agosti kutokana na korona. Mwenye malisho angeweza kukata majani yake kama kawaida, wakati mwenye stoo alibaki na kodi ya ghala. Mikataba iliyotaja nani anabeba hasara ya katazo la serikali ilimaliza mazungumzo mapema, na isiyotaja ilitegemea utu wa wahusika.

Dhamana ndiyo hulinda nyasi. Kabla ya mchezo, mwenye shamba na mwandaaji hulizunguka eneo pamoja wakiwa na kamera, na baada ya mchezo hulizunguka tena. Hutazama alama za magurudumu, madoa ya moto, magome ya miti na uchafu. Kitu kinachotafutwa kwa bidii zaidi ni kidogo kuliko vyote: kigingi cha hema. Kigingi cha chuma kikibaki majanini huvunja visu vya mashine ya kukatia. Kipande cha waya kikiingia katika hei, ng'ombe hukimeza na kuweza kutobolewa tumbo hadi karibu na moyo. Kwa hiyo siku ya mwisho, deraya zikiwa zimeshapakiwa, watu hujipanga mstari mmoja kutoka uzio hadi uzio, hutembea polepole wakiangalia chini, na nyuma yao hukokotwa sumaku ndefu. Amana hairudishwi mpaka mstari ufike mwisho wa shamba.