Chumba cha Kushonea na Imani ya Rangi za Ukuta

Swali linaloulizwa kuliko yote na watu wanaotaka kugeuza chumba cha ziada nyumbani kuwa chumba cha ushonaji na kazi za mikono ni ukuta upakwe rangi gani ili mshonaji apate ari na ubunifu, na jibu linalosambazwa mitandaoni na katika maduka ya rangi limekaririwa hadi kuaminiwa kama kanuni ya sayansi: njano huamsha ubunifu, kijani hutuliza akili, zambarau huchochea fikra, waridi huondoa hasira. Swali lenyewe limekaa vibaya, kwa sababu linaichukulia rangi ya ukuta kuwa dawa ya akili ya mshonaji, ilhali katika chumba cha aina hii ukuta ni sehemu ya taa, na kazi yake ni kurudisha mwanga kwenye kitambaa bila kuuchafua.

Imani hiyo ina historia ndefu kuliko ushahidi wake. Goethe, mshairi wa Kijerumani, alichapisha mwaka 1810 kitabu kikubwa cha nadharia ya rangi ambamo alizihusisha rangi na hisia alizodhani kuwa zinaziamsha, na tangu hapo wauzaji na wapambaji hawajaishiwa maneno. Mfano unaopendwa zaidi kuletwa kama uthibitisho ni ule wa rangi ya waridi iliyopakwa mwaka 1979 katika mahabusu ya jeshi la majini la Marekani mjini Seattle, kwa kufuata mawazo ya mtafiti Alexander Schauss, aliyedai kuwa wafungwa wakorofi walitulia baada ya kukaa humo kwa dakika chache tu. Rangi hiyo ikapewa majina ya maofisa wawili wa mahabusu, Baker na Miller, na magereza mengine yakaiga. Kinachoachwa bila kutajwa ni kwamba majaribio yaliyofuata, yaliyolinganisha vyumba vya waridi na vyumba vya kawaida kwa utaratibu makini zaidi, likiwamo moja lililofanywa gerezani Uswisi na kuchapishwa mwaka 2015, hayakuuona utulivu huo. Ikiwa rangi imeshindwa kumtuliza mtu aliyefungiwa nayo pande zote, ni vigumu kuelewa kwa nini inatarajiwa kumfundisha mwingine kukata kola.

Madhara ya ukuta wa rangi kali, kwa upande mwingine, yanapimika. Ukuta mwekundu huonekana mwekundu kwa kuwa humeza sehemu kubwa ya mwanga mwingine na kurudisha wekundu, na kwa vile mwanga wa chumba kidogo hugonga ukuta mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu kabla haujatua mezani, kila mgongano huupunguza na kuutia rangi zaidi. Mshonaji hautambui uchafu huo, maana ubongo wa binadamu una tabia ya kusahihisha rangi ya mwanga na kumwambia mwenye macho kwamba kitambaa cheupe bado ni cheupe. Hapo ndipo tatizo linaloitwa metamerizimu huingia: vitu viwili vilivyotiwa rangi kwa dawa tofauti, kwa mfano kitenge cha pamba na uzi wa polista, vinaweza kulingana kabisa chini ya mwanga mmoja na kuachana waziwazi chini ya mwingine. Uzi uliochaguliwa chumbani kwa uangalifu hufika uani ukawa umegeuka, na lawama zote humwangukia muuza nyuzi.

Kwamba rangi huonekana kulingana na mazingira yake si jambo geni kwa watu wa nguo. Michel-Eugène Chevreul, mkemia aliyekabidhiwa mwaka 1824 usimamizi wa utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda zilikuwa hafifu zinapofumwa kama vivuli ndani ya mapazia ya buluu na zambarau. Alizilinganisha na nyuzi nyeusi za viwanda vingine, akaona kwamba dawa haikuwa na kosa lolote: weusi ulififishwa na rangi zilizouzunguka. Kitabu alichokitoa mwaka 1839 kueleza kanuni hiyo, yaani kwamba rangi mbili zinapokaa kando kwa kando kila moja hubadilisha namna nyenzake inavyoonekana, kilikuja kusomwa na wachoraji kwa hamu kubwa, ingawa kilianzia kwenye lalamiko la nyuzi. Ndiyo maana vibanda vya kulinganishia rangi katika viwanda vya nguo hupakwa kijivu kilichopooza, wala hakuna mkaguzi anayedai waridi ili apate ari.

Kinachofaa kinaelezeka haraka. Ukuta upakwe rangi ya maji nyeupe isiyong'aa, maana rangi ya mafuta inayopendwa kwa kuwa inapangusika hurudisha mng'ao unaochosha macho. Anayependa chungwa au zambarau aiweke kwenye mlango, mito, makasha ya vifungo au ukuta ulio mbali na meza. Ushauri wa vitabu vya Ulaya wa kutafuta dirisha la kaskazini ili kukwepa jua la moja kwa moja usifuatwe kwa upofu, kwa kuwa Dar es Salaam jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini tangu takriban mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba. Dirisha la kaskazini au la kusini lenye upenu mpana linatosha, na madirisha ya mashariki na magharibi yawekewe pazia jeupe jepesi. Kiwango cha Ulaya cha mwangaza wa sehemu za kazi, EN 12464-1, kinataka luksi 750 kwa ushonaji, luksi ikiwa kipimo cha mwanga unaoangukia eneo fulani, na balbu moja ya katikati ya dari ni nadra kufikisha hata nusu yake. Taa ya mezani ndiyo tiba, kwa sababu chanzo kidogo cha mwanga kikisogezwa nusu ya umbali hutoa mwangaza mara nne. Kwenye boksi la balbu isomwe namba ya CRI, inayoonyesha jinsi taa inavyozitendea haki rangi, na ichaguliwe ya 90 au zaidi, yenye kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, 4000 hadi 5000; balbu ya buluu inayouzwa kwa jina la mwanga wa mchana inaweza kuwa na CRI duni. Anayetumia mkono wa kulia aiweke taa kushoto. Meza ya kukatia ifike karibu na nyonga, ili mgongo usipinde, na ipokee upana wote wa kitenge. Kanga, yenye takriban sentimita 150 kwa 110, ni kipimo kizuri cha kujaribia. Vitambaa vikae kabatini, maana jua hupausha rangi. Cherehani ipewe mafuta yake maalumu, si ya kupikia, ambayo huganda. Pasi ichomekwe kwenye soketi ya ukutani peke yake, wala isishirikishwe na cherehani na feni kwenye waya mmoja wa kuongezea.