Kutoka Majengo hadi Tarangire: Yanayoonekana Njiani na Wajibu wa Msafiri

Mkazi wa Majengo anayetaka kuwaona tembo na twiga wakiwa porini hana haja ya kuvuka nchi nzima. Barabara ya lami itokayo Dodoma kupitia Kondoa hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251 na iliyozinduliwa rasmi mwaka 2018, humtoa katika nyanda kavu za Ugogo, humpandisha milima ya Irangi, kisha humshusha katika mbuga za Mkoa wa Manyara ndani ya siku moja. Ni sehemu ya njia kuu inayokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo. Lami imeleta nafuu kubwa, lakini imeongeza pia mwendo wa magari katika maeneo ambayo mifugo na wanyamapori huvuka kila siku. Makala hii inaeleza yanayoonekana njiani, sababu za wanyama kuvuka barabara, na mambo ambayo msafiri anapaswa kuyazingatia.

Kutoka jijini hadi Kondoa

Baada ya Msalato, barabara hufika Makutupora, eneo linalofahamika kwa mashamba ya zabibu. Katika bonde hilohilo ndipo vilipo visima vya Mzakwe, ambavyo kwa miaka mingi vimekuwa tegemeo la maji ya bomba ya wakazi wa Dodoma. Mbele ya Mayamaya mashamba hupungua, na mahali pake huchukuliwa na vichaka vya miiba, mibuyu na vilima vya mawe. Magharibi mwa njia hii hupita Mto Bubu, ambao hutiririka kutoka nyanda za juu za Kondoa na kuishia katika ardhi oevu ya Bahi.

Katika kipande hiki wanyama wanaoonekana zaidi ni ng'ombe, mbuzi na punda. Hao nao wanastahili tahadhari, kwa kuwa kila mmoja ni mali ya kaya fulani, na mara nyingi anayewachunga ni mtoto. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa uliowekwa vijijini unamlinda mchungaji huyo kama unavyomlinda abiria.

Milima ya Irangi na michoro ya Kolo

Kuanzia Kondoa barabara hupanda. Miteremko inayoonekana leo ikiwa na miti ilikuwa kwa sehemu kubwa imeliwa na mmomonyoko, ikabaki makorongo na udongo mwekundu usio na majani. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi kama HADO, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi la Kondoa. Uamuzi huo uliwaumiza wafugaji wengi, lakini majani na miti vilirejea. Msafiri akitazama makorongo yaliyobaki ataelewa kwa nini suala la malisho na kuni halijawahi kuwa dogo katika nyanda za kati.

Kaskazini mwa mji wa Kondoa, katika kijiji cha Kolo, ipo njia ya kwenda kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mapango na vivuli vya miamba vyenye michoro ni zaidi ya 150. Michoro ya rangi nyekundu huonyesha watu pamoja na twiga, tembo na pofu. Baadhi ya mapango bado hutumiwa na wenyeji kwa matambiko, hivyo mgeni huanzia ofisi iliyopo Kolo, hupewa mwongozaji, wala hagusi wala kumwagia maji michoro ili ing'ae kwenye picha. Maji huiharibu.

Babati na ushoroba wa wanyama

Barabara hushuka tena hadi Babati, mji uliopo chini ya Mlima Kwaraa na kando ya ziwa lenye viboko. Hali ya hewa ikiwa safi, upande wa magharibi huonekana Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Safari ikiendelea kuelekea Arusha, milima hubaki nyuma na nchi hufunguka kuwa tambarare ya nyasi na migunga hadi Minjingu na Kwakuchinja, ambako ndiko inakoanzia njia ya kuingia Hifadhi ya Taifa ya Tarangire.

Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1970, ina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 2,850. Uhai wake hutegemea Mto Tarangire. Wakati wa kiangazi, hasa kati ya Juni na Oktoba, maji hukauka kwingineko, na makundi ya tembo, nyumbu na pundamilia hukusanyika mtoni. Mvua zinaponyesha, wengi hutoka nje ya hifadhi kwenda kula majani mapya yenye madini, hasa katika tambarare za Simanjiro. Wengine hupita Kwakuchinja kuelekea upande wa Ziwa Manyara.

Njia hiyo ya wanyama huitwa ushoroba, na barabara kuu huikata. Ikizibwa na nyumba, mashamba na magari yasiyopunguza mwendo, hifadhi itabaki kama kisiwa, na wanyama watakosa malisho ya masika. Kwa sababu hiyo mnyama anayeonekana barabarani hapo hajapotea. Yupo katika njia yake ya siku zote.

Wajibu wa dereva na abiria

Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita takribani mita 28 kila sekunde. Likienda kilomita 50, hupita mita 14. Dereva anayechukua sekunde moja tu kutambua kuwa kivuli kilicho mbele ni pundamilia amekwisha kusogea umbali huo kabla hata hajakanyaga breki. Wanyama wengi huvuka alfajiri na magharibi, saa ambazo macho ya binadamu huona kwa shida. Ni vema kipande hiki kipitwe mchana. Anapovuka mmoja, dereva asubiri, kwa kuwa wenzake huwa nyuma. Tembo asipigiwe honi, na gari lisiingie kati ya mama na mtoto wake.

Abiria wasishuke kupiga picha, wasiwarushie nyani chakula, na wasitupe chupa dirishani. Endapo mnyama atagongwa, gari lisimamishwe mahali salama na taarifa itolewe polisi au kwa askari wa wanyamapori. Nyama, ngozi au pembe zisichukuliwe, hata kama mnyama amekwisha kufa. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kumiliki nyara za Serikali bila kibali ni kosa, na hali kadhalika nyama ya porini inayouzwa kwa siri njiani.

Maandalizi

Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni wa nje, mradi awe na kitambulisho. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu. Hufanywa kwa kumbukumbu namba, hivyo ni busara kuuliza viwango vya sasa na kukamilisha taratibu kabla ya kuondoka. Basi la kawaida halimwingizi abiria hifadhini. Kwa hiyo familia kadhaa, kikundi cha kuweka na kukopa au shule wanaweza kukodi gari moja na kugawana gharama. Matairi, breki na taa vikaguliwe, na maji ya kunywa yabebwe ya kutosha.

Likizo ya Juni huangukia mwanzoni mwa kiangazi, wanyama wanapoanza kurejea mtoni. Mtoto wa Majengo aliyemwona twiga kwenye mwamba wa Kolo asubuhi anaweza kumwona akiwa hai siku inayofuata, ilimradi madereva wanaopita Kwakuchinja wamwachie njia.