Kosa la klavye, deni la mwenye kutia mukono

Avoka, grefie na daktilo wa sekretaria wanatumika na chombo kimoja: ordinatere. Lakini mwenye kulipa kosa si yule aliyegusa klavye. Ni yule aliyetia mukono chini ya karatasi. Ku Mokambo, fasi Congo na Zambia zinagusana, jambo hilo linaonekana wazi kuliko fasi zingine.

Ku Mokambo, mu teritware ya Sakania, mupaka hautembei na lori peke yake. Unatembea na karatasi. Upande huu ni Haut-Katanga. Upande ule ni Zambia, na muji wa karibu ni Mufulira. Lori zinazokimbia foleni ya Kasumbalesa zinapita hapa. Watu wanaotoka Mufulira kwenda Luapula wanapita hapa vilevile, kwa ile barabara ya Pedicle inayokata udongo wa Congo kufika Chembe. Na kila mutu anayeuza, anayepangisha nyumba, anayekopesha feza, ao anayetuma ndugu yake kumutolea muzigo, iko na lazima ya karatasi: kontra, prokirasio, hati ya deni, ruhusa ya muzazi kwa mutoto anayesafiri.

Nani anaandika zile karatasi? Avoka mara mingi iko Lubumbashi, na bei yake haiko ya kila mutu. Kwa hiyo watu wanaenda fasi tunayoijua wote. Mu miji yetu, pembeni ya tribinali, ya komine na ya mupaka, kuko vile vyumba vidogo vyenye kibao ku mulango: «Saisie, photocopie, impression». Daktilo anaikaa mbele ya mashini, mama ao papa anasimama nyuma yake, anaeleza maneno yake kwa Swahili ao kwa Kibemba, na daktilo anayaandika mu Kifaransa. Ile njo fasi haki inaanzia. Mbele ya muamuzi, mbele ya grefie, mbele ya notere, kuko klavye.

Sheria yenyewe haina mchezo. Dekre ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, ile inayoongoza mapatano mu inchi yetu hata leo, inasema mu artikle yake ya 33 kama mapatano yaliyofanywa kwa njia ya haki ni sawa sheria kwa wale walioyafanya. Ukisha kutia mukono, umefunga. Unaweza kwenda tribinali na kuonyesha kama kulikuwa kosa, lakini ile safari ni ndefu, inakula feza, na kule kila mutu atakuuliza: «Lakini si ulisinye?»

Nukta na virigile

Tuanze na kosa lenye kuuma zaidi ku mupaka: feza. Congo mara mingi tunaandika: 1.500,00. Zambia wanaandika sawa Waingereza: 1,500.00. Alama ni zile zile mbili, lakini kila moja imeshika kiti cha mwenzake. Muchuuzi wa Mufulira akisoma «1.500 USD» mu karatasi yetu, anaweza kuona dola moja na nusu. Wa kwetu akisoma «1,500» mu karatasi ya kule, naye anaweza kuona vilevile dola moja na nusu. Hakuna mwenye alidanganya. Kila mutu alisoma namna alifundishwa ku masomo. Lakini siku ya kulipa, kila mutu atashika usomaji wenye kumufaa.

Dawa yake haiombi masomo makubwa. Andika hesabu na tarakimu, kisha irudilie na maneno: «mille cinq cents». Taja feza ni gani: franga ya Congo, kwacha, ao dola ya Marekani. Halafu zuia hesabu isikatike mwisho wa mustari. Mu programu ya Word, ukifinya Ctrl, Maj na Espace pamoja, ile nafasi katikati ya «1» na «500» haitakatika, na mutu hataweza kusoma «1» hapa na «500» mustari wa chini.

Tarehe nayo ni vile. Ordinatere iliyopangwa ku Kingereza cha Marekani inaanza na mwezi. «03/04» kwetu ni tarehe tatu ya mwezi wa ine. Kwake ni tarehe ine ya mwezi wa tatu. Mu hati ya deni, ile ni mwezi muzima wa ugomvi. Andika jina la mwezi na herufi, basi.

Klavye ya ng'ambo

Ordinatere yenye kununuliwa upande wa Zambia inakuja na klavye ya Kingereza, ile ya QWERTY. Haina herufi é, è, à, ç za Kifaransa. Daktilo mwenye haraka anaziacha tu, anawaza kama ni mapambo. Mu mambo ya haki haiko mapambo. Tazama: «a payé» ni «amekwisha lipa», «à payer» ni «bado ya kulipa». Sasa andika bila alama, na haraka ya jioni: «500 dollars a paye». Alikwisha lipa, ao atalipa? Mwenye deni atasema ya kwanza, mwenye kudai atasema ya pili, na karatasi itanyamaza. Maneno ya herufi kubwa njo ya hatari zaidi, sawa «MONTANT PAYE», sababu watu mingi wanawaza kama herufi kubwa hazivae alama. Zinavaa.

Mwenye klavye ya Kingereza anaweza kupanga Windows ku klavye ya Kifaransa, hata kama herufi zilizochapwa juu ya vifinyo hazitalingana. Njia ingine, kama klavye iko na tarakimu za pembeni: shika Alt, andika 130 kwa é, 138 kwa è, 133 kwa à, 135 kwa ç. Tarakimu ine tu. Ziandike ku kikaratasi na ubandike ku meza.

Majina yetu na ule mustari mwekundu

Ku mupaka huu, familia moja inaweza kuwa na watu pande zote mbili. Lakini jina moja linavaa nguo mbili. Upande wa Kifaransa tunaandika «Tsh», upande wa Kingereza wanaandika «Ch». Huku Muansa, kule Mwansa. Mu prokirasio, ile ni watu wawili. Agenti wa mupaka hana kosa akikataa: jina mu karatasi halilingane na jina mu kitambulisho. Na ukikosea jina mu karatasi ya kizazi, kulirudisha kunaomba kupita tribinali.

Programu yenyewe haijue majina yetu. Inayapiga mustari mwekundu chini, inapendekeza neno la Kifaransa lenye kufanana. Daktilo muchovu anafinya «ndiyo», na jina la mutu limekwisha geuka. Kanuni ni hii: jina halinakiliwe kwa sikio. Linanakiliwe kutoka karta ya uchaguzi ao pasaporti, herufi kwa herufi, na mwenyewe analiangalia ku ekran mbele ya kuchapa. Jina likiwa linarudi kila siku, lifundishe programu: finya kifinyo cha kuume cha souris juu yake, chagua «Ajouter au dictionnaire». Mustari utakwenda zake.

Modele ya mutu mwingine

Ba avoka na ba grefie, hapa ni kwenu. Karibu kila kabine na kila ofisi inatumika na fishie ya zamani. Unafungua kontra ya mwaka jana, unaondoa jina la Banza, unatia jina la Ngoy, umemaliza. Lakini mu artikle ya sita, Banza angali anauza parseli.

Watu wanawaza dawa ni «Remplacer tout». Ni dawa yenye sumu. Ukiiambia igeuze Banza kuwa Ngoy, na shahidi anaitwa Kabanza, shahidi wako sasa anaitwa KaNgoy. Chagua kwanza «Mot entier», na ugeuze moja moja, huku unasoma. Vilevile, ukigeuza «vendeur» kuwa «bailleur» ili kontra ya kuuza ikuwe ya kupangisha, lile neno «vente» linabakia. Mu kontra ya nyumba, neno «vente» lenye kusahauliwa ni mulango wazi kwa mwizi wa parseli.

Kazi safi inaenda hivi: modele haina jina la mutu hata mumoja. Fasi ya jina, ya bei, ya tarehe, unatia alama moja yenye rangi ya manjano. Karatasi haitoke kama manjano moja ingali ndani. Namba za artikle, acha programu izihesabu yenyewe, sababu ukitia artikle mupya katikati, zile ulizoandika na mukono zitadanganya: «kama ilivyosemwa mu artikle 7» inakuwa maneno ya fasi ingine. Na chini ya kila kurasa andika hesabu namna hii: 1/4, 2/4. Mutu akiondoa kurasa moja na kutia ingine, itaonekana.

Modele za intaneti, angalisho mara mbili. Zile za Ufaransa zinataja artikle ya 1103 ya Code civil. Ile ni sheria yao, namba yake ni ya 2016. Jambo lile lile kwetu liko mu artikle ya 33 ya dekre ya 1888. Zile za Zambia zinaomba Commissioner of Oaths, cheo ambacho sheria yetu haikijue. Na mu biashara, Congo iko mu OHADA tangu tarehe 12 mwezi wa kenda 2012, Zambia haiko. Kontra ya ku mupaka yenye haisemi itafuata sheria ya inchi gani, iko na shimo ndani.

Maneno yenye kufichwa

Karatasi ya ordinatere iko na kumbukumbu kuliko mutu. Mwezi wa kwanza 2019, Marekani, ba avoka wa Paul Manafort walifunika maneno ya siri na mustari mweusi na kupeleka karatasi ku tribinali. Waandishi wa magazeti wakanakili maneno ya chini ya weusi na kuyabandika fasi ingine: yote yakasomeka. Kupaka rangi si kufuta. Vilevile, mbele ya kumutumia avoka wa upande mwingine fishie, maliza masahihisho ya «Suivi des modifications», ondoa maoni ya pembeni, kisha uitume mu PDF. Kama haiko vile, atasoma bei ya chini uliyokuwa tayari kukubali.

Na wale wanaoombaka daktilo «utie tu tarehe ya zamani», wakumbuke Pakistani. Mu 2017, karatasi za familia ya ministri wa kwanza Nawaz Sharif zilikuwa na tarehe ya 2006, lakini ziliandikwa na herufi za Calibri, zenye hazikuenea kwa watu wote mbele ya 2007. Aina ya herufi ikatoa ushahidi.

Siri ya mwenye dosie inaishi vilevile mu kle ya USB. Fishie ya talaka ao ya urizi yenye kubakia ku ordinatere ya sekretaria, kila mutu anayekuja kuchapa anaweza kuifungua. Ifute mbele ya kutoka. Na juu ya courant: Word inajilinda yenyewe kila dakika kumi, kama haukuipanga ingine. SNEL haingoje dakika kumi. Ctrl na S, kila kipande.

Nisomee

Mu 1965, André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa Swahili, na ikachapwa na mashini kwa jina la chama cha watumishi wa nyumba. Maneno mule yalikatwa na kuunganishwa kila namna. Musomi Johannes Fabian, aliyeitoa mu kitabu mu 1990, aliomba Mukatanga aisome kwa sauti. Njo hapo maandishi yakafunguka.

Ile akili ingali ya lazima. Katiba ya 2006 inasema mu artikle yake ya kwanza kama Kifaransa ni luga ya serkali, na Swahili ni moja ya luga ine za taifa. Karatasi inaandikwa mu ya kwanza. Mwenye kutia mukono mara mingi anaishi mu ya pili. Tangu Code du numérique ya mwezi wa tatu 2023, hata maandishi ya ordinatere na sinyatire yake yamepewa fasi mu sheria. Hatari haitapunguka, itatembea mbio zaidi.

Kwa hiyo mwenye kuandika, avoka ao daktilo, kazi yake haijaisha karatasi ikitoka ku mashini. Inaisha akisha kuisoma kwa sauti mu luga ya mwenyewe: majina, bei, tarehe, nani anatoa, nani anapokea. Na wewe mama, wewe papa, mwenye kusimama nyuma ya kiti, usione haya. Mbele ya kushika bic, sema neno moja: «Nisomee.» Akikataa, vyumba vya pembeni viko.