Madirisha Bega kwa Bega

Msimu wa kuomba mikopo ya elimu ya juu ukifika, steshenari za Chekereni, nje ya mji wa Moshi, hupokea vijana waliomaliza kidato cha sita na wazazi wao, baadhi wakitokea moja kwa moja kwenye mpunga, tope halijakauka miguuni. Mhudumu ana fomu ya Bodi ya Mikopo kwenye skrini, ana pia cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili, na majina lazima yalingane herufi kwa herufi. Elibariki wa cheti kimoja akiwa Eliberiki kwenye kingine, safari ya kurekebisha ni ya Moshi mjini, na nauli ni ya mzazi.

Mhudumu mzoefu hafungui hiki na kukifunga kile. Analivuta dirisha la kwanza mpaka ukingo wa kushoto wa skrini, lenyewe linajibana na kujaza nusu. La pili analipeleka kulia. Sasa mama naye anaweza kunyoosha kidole: “Mwanangu, hebu angalia hapo kwa baba yake.” Kitendo hicho cha sekunde mbili kimebishaniwa na wataalamu kwa muda mrefu: madirisha yakae bega kwa bega, au yapandane?

Madirisha yanayopandana yalionekana kwanza kwenye kompyuta iitwayo Alto, iliyotengenezwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko California, ambako Alan Kay na wenzake walitaka skrini ifanane na meza yenye makaratasi juu ya makaratasi. Mwaka uliofuata, 1974, Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mfumo wa hesabu wa Hazina kuleta hasara na vurugu. Marufuku ililegezwa polepole, kwa hiyo sehemu kubwa ya ubishi huo ilitupita tukiwa na mashine za kupiga chapa.

Microsoft ilipotoa Windows ya kwanza, Novemba 1985, madirisha yake hayakuruhusiwa kupandana. Yaligawana skrini kama majaruba ya mpunga: ukipanua moja, la jirani linapungua. Wengi waliicheka. Lakini aliyesimamia kazi hiyo, Scott McGregor, alitoka Xerox kwenyewe, alikokuwa ameshiriki kujenga mfumo wa madirisha ya kupangwa namna hiyo. Hakuwa mshamba wa mambo haya. Alikuwa na msimamo.

Upande wa Apple kulikuwa na Bill Atkinson. Alitembelea maabara ya Xerox mwaka 1979, akatoka akiamini kwamba ameona dirisha la chini likijichora upya lenyewe pale linapofunikwa nusu. Akarudi kazini, akahangaika mpaka akapata njia ya kufanya hivyo kwa kasi. Baadaye watu wa Xerox wakamwambia kwamba wao hawakuwahi kulifanya jambo hilo. Nauona huu kuwa uvumbuzi mtamu kuliko wote katika habari hii: mtu kuiga kitu ambacho hakikuwepo, akakileta.

Mwaka 1986 watafiti wawili wa Xerox, Sara Bly na Jarrett Rosenberg, waliwapima watumiaji. Kazi ikiwa inatosha ndani ya nafasi iliyogawanywa, madirisha ya bega kwa bega yalishinda kwa kasi. Isipotosha, ya kupandana yalishinda, lakini kwa wazoefu tu. Kulinganisha majina kwenye vyeti ni kazi ya aina ya kwanza.

Soko halikungoja utafiti. Windows 2.0 ya Desemba 1987 iliruhusu kupandana, na Machi 1988 Apple ikafungua kesi ikidai imeibiwa sura ya mfumo wake. Mahakama iliona kwamba vingi kati ya vilivyolalamikiwa vilikwisha kuruhusiwa na mkataba wa 1985 baina ya kampuni hizo, na rufaa ya Apple ikagonga mwamba mwaka 1994.

Kilichorudisha mtindo uliodharauliwa ni umbo la skrini. Katika miaka ya 2000 skrini zilianza kuwa pana kuliko kurasa tunazosoma, nafasi ikabaki bure pembeni. Windows 7 ya mwaka 2009 ikaleta huku kunata ukingoni. Windows 10 ikaongeza kona nne mwaka 2015. Apple, waliokuwa mabingwa wa kupandana, waliingiza upangaji wa namna hiyo kwenye kompyuta zao mwaka 2024.

Kwenye steshenari zetu kuna kikwazo kimoja. Laptopu nyingi za bei nafuu zina skrini ya nukta 1366 kwa upana, kwa hiyo kila nusu inabaki na 683, na baadhi ya fomu za mtandaoni hujikunja vibaya hapo. Dawa ni kushika Ctrl na kubonyeza alama ya kutoa, maandishi yapungue. Na asiyependa kuvuta kwa mausi ashike kitufe chenye nembo ya Windows, abonyeze mshale wa kushoto au wa kulia.