Kabureta Nne, Pumzi Moja: Kipimo cha Kujitengenezea

Honda walipoingiza sokoni pikipiki ya CB750 mwaka 1969, waliipa silinda nne zilizopangwa kwa mstari, na kila silinda ikapewa kabureta yake. Dereva alifaidi mbio na nguvu. Fundi aliachiwa kazi ya kuhakikisha kabureta zote nne zinavuta hewa sawasawa. Katika matoleo ya kwanza, kebo iliyotoka kwenye mkono wa mafuta iligawanyika kuwa nne, na moja tu ikilegea kidogo, kabureta yake ilichelewa kufunguka. Silinda inayopata hewa pungufu hufanya kazi pungufu, nyingine zikaiburuta, na injini nzima ikatetemeka. Kasoro hii hujitokeza zaidi pikipiki ikiwa imesimama na injini inanguruma bila kuongezwa mafuta. Wakati huo njia ya hewa ni mwanya mwembamba mno, kiasi kwamba tofauti ya unene wa karatasi ni sehemu kubwa ya hewa yote inayopita. Mkono ukivutwa hadi mwisho, tofauti hiyo hiyo haina uzito wowote.

Kuipima si jambo gumu. Kati ya kabureta na silinda huwa na tundu dogo lililozibwa kwa skrubu. Fundi huifungua, huchomeka mpira mwembamba na kusoma jinsi silinda inavyofyonza. Injini ikinguruma taratibu, mgandamizo pale ndani hushuka kwa wastani wa kilopaskali 20 hadi 30 chini ya ule wa hewa ya nje. Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa kwa mirija ya zebaki, sumu ambayo Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeiwekea mipaka, vipimo vya aina hiyo vikiwemo. Leo mtu mwenye ujuzi kidogo wa umeme anaweza kuchukua vihisi vinne vya mgandamizo, akaviunganisha kwenye bodi ndogo ya kompyuta kama Arduino, akaona silinda zote nne kwenye skrini kwa mara moja. Je, kifaa cha namna hiyo kinaaminika? Kinaaminika, ila kwa sharti moja: aliyekitengeneza akumbuke kwamba kazi yake ni kulinganisha silinda na silinda, na kwamba namba zenyewe peke yake hazina maana kubwa.

Hesabu inaonyesha kwa nini sharti hilo ni zito. Kihisi cha MPX4115, ambacho watengenezaji wengi wa nyumbani hukipenda, hubadilika kwa takriban milivolti 45 kwa kila kilopaskali moja. Arduino ya kawaida huzigawa volti 5 katika hatua 1,024, kila hatua ikiwa karibu milivolti 5. Kwa hiyo kifaa kinaweza kutofautisha hata sehemu ya kumi ya kilopaskali, ukali unaozidi mahitaji ya fundi. Lakini mtengenezaji wa kihisi hicho anakiri kwamba kinaweza kukosea hadi kilopaskali 1.5 kwenda juu au chini. Kimoja kikikosea kwenda juu na jirani yake kwenda chini, vitatofautiana kwa kilopaskali 3 hata vikiwa vinapima hewa ile ile. Sasa, vitabu vya ufundi vya Kawasaki kwa pikipiki zake kadhaa hutaka tofauti kati ya silinda isizidi kilopaskali 2.7. Maana yake ni kwamba anayeviamini vihisi kama vilivyotoka dukani anaweza kuiharibu injini iliyokuwa sawa, huku skrini ikimpongeza.

Dawa yake ni rahisi. Vihisi vyote vinne huunganishwa kwenye mpira mmoja, kisha hewa huvutwa kwa bomba la sindano, lile la dukani la kuchomea dawa, hadi karibu na kiwango ambacho injini yenyewe hufyonza. Kwa kuwa vyote vinaonja hewa moja, tofauti yoyote inayoonekana ni kosa la kihisi, na programu huagizwa iiondoe. Kulinganisha vihisi katika hewa ya kawaida peke yake hakutoshi, kwa sababu kihisi kinaweza kuwa sahihi pale na kupotoka kinapofika kwenye ufyonzaji.

Jambo la pili ni mapigo. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 1,200 kwa dakika, kila silinda huvuta hewa mara 10 kwa sekunde, na mgandamizo hupanda na kushuka kwa kila pumzi. Silinda hazivuti kwa wakati mmoja, kwa hiyo kusoma kila kihisi mara moja ni kumlinganisha anayevuta pumzi na anayeitoa. Kifaa kinapaswa kusoma mara mamia kwa sekunde, kisha kitoe wastani wa pumzi kadhaa. Arduino huiweza kazi hiyo bila jasho.

Wapo watakaosema fundi mzoefu hutosheka na sikio lake. Sikio hutambua kwamba injini haijatulia, lakini haliwezi kusema kwa hakika ni kabureta ipi kati ya nne, wala kama tatizo ni plagi, vali au mpira wa kabureta uliopasuka. Kwa kweli hata kifaa hakisemi hayo ya plagi, vali na mpira, ndiyo maana mambo hayo hukaguliwa kwanza. Wengine watatetea mpira angavu wenye mafuta ndani, uliounganishwa kwenye silinda mbili. Kwa injini ya silinda mbili hoja yao ina nguvu: ni rahisi, na hauna kihisi cha kudanganya. Udhaifu wake ni kwamba ufyonzaji wa kilopaskali 30 unaweza kuinua maji karibu mita 3. Upande mmoja ukichomoka, mafuta yote huingia kwenye injini. Na bodaboda? Nyingi zina silinda moja na kabureta moja, hivyo hazina cha kulinganishwa, na mwenye nayo asipoteze fedha. Kifaa hiki ni cha wenye pikipiki kubwa za silinda mbili na kuendelea, zikiwemo za kisasa zisizo na kabureta ambazo vali zao za hewa nazo huhitaji kusawazishwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kifaa cha dukani kina jina la kampuni nyuma yake, na cha nyumbani hakina. Lakini jaribio la kuaminika halihitaji jina. Kabla ya kugusa skrubu yoyote, badilisha mipira ya silinda mbili zinazotofautiana. Tofauti ikibaki kwenye silinda ile ile, tatizo liko kwenye injini; ikihama na mpira, liko kwenye kipimo. Kifaa kilichofaulu jaribio hilo kinastahili kuaminiwa hata kikiwa ndani ya kopo la plastiki, na kilichoshindwa hakifai hata kama kilinunuliwa kwa bei ghali.