Je, Wajua? Kiburi Chako Kina Alama Ngapi?

Sogea, ndugu, benchi hii inatutosha. Wenye simu za kuchaji wasubiri, wenye pikipiki wapite na vumbi lao. Hapa Saio, Bunia, leo tunapima watu! Hatupimi kilo wala urefu, tunapima tabia: kiburi, woga, ukali, upole. Vyote hivyo vina namba siku hizi, na namba zenyewe zimeshafika Ituri.

Je, wajua kuwa Kiswahili kimo katika mojawapo ya majaribio makubwa ya dunia ya kupima matatizo ya haiba, yaani tabia iliyokakamaa mpaka inamtesa mwenyewe na watu wake? Shirika la Afya Duniani lilijaribu usaili mmoja katika vituo 14 vya nchi 11, na Nairobi ilikuwamo! Wagonjwa 716 walihojiwa, matokeo yakachapishwa 1994. Kiswahili kilikaa meza moja na Kijapani, Kinorwei, Kitamil na Kikannada.

Alama za usaili huo? 0, 1 au 2, basi. Sifuri: tabia haipo, au ipo kama ilivyo kwa watu wote. Moja: imezidi kidogo. Mbili: imekuwa ugonjwa. Na usidhani ukisema “ndiyo, nina hasira” umeshapewa mbili yako. Daktari anaendelea kukuchimba: nipe mfano. Mara ngapi? Tangu lini? Ilikuharibia nini kazini, nyumbani?

Sikia na hii. Ili tabia ihesabiwe, lazima iwe imedumu angalau miaka 5, na dalili mojawapo iwe imejitokeza kabla mtu hajafika miaka 25. Kwa hiyo shemeji aliyekununia tangu Krismasi hana ugonjwa wowote. Amekasirika tu, kamwombe radhi.

Na yule aliyekuwa mpole maisha yake yote, akafika miaka 50 na ghafla akageuka simba? Daktari mzuri haanzi na haiba. Anauliza kwanza kama aliumia kichwa, kama anakunywa, kama kuna ugonjwa mwingine mwilini.

Je, wajua ngazi zile tano, kuanzia “sikubali kabisa” hadi “nakubali kabisa”, zilitoka wapi? Mmarekani Rensis Likert alizieleza mwaka 1932, kabla hajafikisha miaka 30. Leo hii huwezi kumaliza mwaka bila mtu kukuletea karatasi yenye ngazi zake, na jina lake hulijui!

Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walipekua kamusi ya Kiingereza wakitafuta kila neno la kumweleza mtu alivyo. Wakapata 17,953! Raymond Cattell akaja baadaye akaichuja orodha yao, akachuja tena, akabaki na sifa 16 tu. Wewe jaribu Kiswahili ukiwa hapa: mchoyo, mjeuri, mpole, mkaidi, msiri, mlalamishi, mpayukaji, mwenye gubu, mwenye kisirani. Chai haijapoa na umeshafika tisa.

Dodoso la kwanza la kupima haiba lilizaliwa vitani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Robert Woodworth aliwatungia wanajeshi wa Marekani maswali 116 ya ndiyo au hapana, ili kuwajua mapema wale ambao akili zao zingelemewa na mizinga. Vita vikaisha kabla dodoso halijaanza kazi sawasawa.

Unapenda maswali mengi? Lipo dodoso la Minnesota, lililoanza miaka ya 1940; toleo lake la 1989 lina maswali 567. Na lina mitego! Maswali 15 yamewekwa humo kumnasa anayejisafisha: ukidai hujawahi kukasirika wala kusema uongo hata mdogo, kengele inalia.

Basi na jeshi limewahi kumwumbua mpimaji mwenyewe. Mwaka 1920 Edward Thorndike alizitazama alama ambazo maofisa wa jeshi la Marekani waliwapa watu walio chini yao: umbo la mwili, akili, uongozi, tabia. Zilifanana kupita kiasi! Mwenye umbo la kuvutia alijikuta, kwenye karatasi, ana akili na tabia njema pia. Unamjua mtu wa hivyo mtaani kwako, usimtaje.

Je, wajua kuwa wapimaji wa tabia walitembea Kongo zamani, enzi za Mbelgiji? Kulikuwa na kipimo cha Harvard cha mwaka 1935: unaonyeshwa picha, unasimulia hadithi, na kutokana na hadithi yako mpimaji anakisia ulivyo moyoni. André Ombredane akatengeneza picha za Kikongo za kipimo hicho, akachapisha kazi yake mwaka 1954. Kipimo cha awali kina kadi 31, na moja kati ya hizo ni nyeupe tupu. Ndiyo, hakuna kitu! Unatazama karatasi tupu na unatakiwa usimulie.

Sasa hii itakukera. Mwingereza J. C. Carothers aliongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950, na alipoianza kazi hiyo hakuwa na mafunzo ya magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kinachosema Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Ujinga mtupu, tena kwa mhuri wa Geneva! Miaka 41 baadaye yakachapishwa matokeo ya ule usaili wa alama 0, 1, 2, ambamo shirika hilohilo liliijumuisha Nairobi.

Wanasaikolojia wengi wanasema haiba ya binadamu ina nguzo tano kubwa. Kila binadamu? Mwaka 2013 watafiti waliwauliza Watsimane 632 wa misitu ya Bolivia, na zile tano hazikuonekana.

Wamaasai nao! Katika utafiti uliotoka 2020, wataalamu waliacha orodha za Kiingereza wakaanza na maneno ya Kimaa yenyewe. Nguzo tano za vitabu hazikujitokeza kama zilivyoandikwa. Kilichotangulia mbele ya vyote ni wema wa mtu: ana adabu, anafaa watu, au hafai? Bibi yako angewaambia hivyo bila malipo.

Shikilia benchi: watu 94,751, nchi 23 za kipato cha chini na cha kati! Hao ndio waliomo katika uchambuzi uliochapishwa 2019, na uligundua kwamba maswali ya kawaida ya haiba, yakiulizwa uso kwa uso, mara nyingi hayapimi kile yanachodai kupima. Sababu mojawapo ni kuitikia. Mgeni katoka mbali, kakaa kwenye kiti chako, kashika kalamu. Utamwambia hapana?

Ndiyo maana dodoso la kijanja huuliza jambo lilelile kinyumenyume. Ukurasa wa kwanza: “Mimi ni mtu wa kimya.” Ukurasa wa tatu: “Mimi ni msemaji sana.” Ukikubali yote mawili kwa tabasamu, mpimaji anajua kuwa alichopata kwako ni heshima.

Turudi nyumbani, na hapa napunguza mzaha kidogo. Je, wajua kuwa kipimo kinachotumika duniani kote kupima makovu ya kiwewe kimetengenezewa Kiswahili hapahapa Ituri? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, wakishirikiana na wenyeji, walikiandaa kwa Kiswahili na kwa Kifaransa cha Kongo. Kina maswali 22 juu ya siku 7 zilizopita: unapata usingizi? Picha za tukio zinakujia bila kuitwa? Unashtuka ovyo? Kila jibu ni kati ya 0 na 4, kwa hiyo jumla haiwezi kupita 88.

Walioketi kujibu ni wanafunzi wa sekondari wa Ituri, vijana 1,046 wa miaka 13 hadi 21. Matokeo yalitoka 2009. Asilimia 95 walikuwa wamekutana na angalau tukio moja la kutisha. Wastani? Matukio 4.71 kwa kila kijana. Zaidi ya nusu, asilimia 52.2, walifikia kiwango cha dalili za kiwewe.

Unaona sasa kwa nini huku kwetu kupima haiba kuna kazi ya ziada? Kijana anayeshtuka mlango ukigongwa, asiyemwamini mtu, anayewaka hasira kwa jambo dogo: kwenye karatasi moja anaweza kusomeka kama mwenye haiba mbovu, kwenye nyingine kama mtu aliyeumizwa na vita. Karatasi ya kwanza ikimfikia peke yake, ameonewa. Mimi kwa maoni yangu, anayeshika kalamu Bunia aanze na swali la ulipitia nini kabla ya swali la ukoje.

Alama zinaweza kushuka, na hii ni ya kupigiwa makofi. Kivu Kusini na Kaskazini, wanawake 157 wa vijiji 7 waliookoka ukatili wa kingono walipewa tiba ya mazungumzo katika vikundi, na waliowaongoza ni wasaidizi wa hukohuko, si madaktari. Kwenye kipimo cha 0 hadi 3 cha huzuni na wasiwasi walianza na wastani wa 2.0. Tiba ilipoisha, 0.8. Miezi sita baadaye, 0.7! Matokeo yalichapishwa 2013.

Na Uganda je? Huko Masaka na Rakai watafiti walianza kwa kuwauliza wanavijiji matatizo yao wenyewe, wakakuta maradhi mawili ya moyo ambayo Waganda wana majina yake: kujichukia, na kujihurumia kupita kiasi. Ndipo wakapima. Katika jaribio la vijiji 30 lililochapishwa 2003, waliopata tiba ya vikundi kwa wiki 16 walishuka kutoka asilimia 86 wenye sonona hadi 6.5. Wasioipata walishuka pia, kutoka 94 hadi 54.7. Linganisha mwenyewe!

Haya, turudi kwenye vichekesho. Mwaka 1948 mwalimu Bertram Forer aliwapa wanafunzi 39 kipimo cha haiba, kisha kila mmoja akapata maelezo “yake” ya siri. Wakayapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Wote walikuwa wamepewa karatasi ileile moja! Maneno yake aliyaokota kwenye kitabu cha unajimu. Kwa hiyo simu ikikuambia “unapenda watu lakini wakati mwingine unataka kuwa peke yako”, usishangae sana.

Je, wajua kuwa tatizo moja linaweza kuwa na sura 256? Kuna tatizo la haiba ambalo hisia za mtu hupanda na kushuka kwa kasi na mahusiano yake huvunjika-vunjika. Mwongozo wa madaktari wa Marekani una dalili 9, na zikitimia 5 inatosha. Piga hesabu: njia 256 za kutimiza! Watu wawili wanaweza kupewa jina lilelile la ugonjwa huku wakifanana kwa dalili moja tu.

Ukiambiwa unalo tatizo hilo usikate tamaa upesi. Mary Zanarini na wenzake wa Marekani waliwafuata wagonjwa 290 wa tatizo hilo kwa miaka 10. Asilimia 93 walifika mahali ambapo dalili zilitulia kwa angalau miaka miwili. Asilimia 93, ndugu!

Na “saikopathi” wa kwenye filamu? Mkanada Robert Hare alimtengenezea orodha ya mambo 20, kila moja 0, 1 au 2, jumla 40. Marekani wanamwita hivyo akifika 30. Uingereza mara nyingi wanatumia 25. Mtu yuleyule akivuka bahari kwa ndege anaweza kubadilika jina kabla mzigo wake haujatoka!

Wakati mwingine wenye orodha wenyewe wanazichoka. Tangu Januari 1, 2022, mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani umefuta karibu majina yote ya aina za haiba mbovu. Sasa daktari anauliza kwanza ukali wa tatizo: mdogo, wa kati, au mkubwa. Kisha anaongeza sifa kati ya tano, kwa mfano kujitenga na watu, au kutojali maumivu ya mwenzako. Aina moja tu imeachiwa kajina kake, nayo ni ileile ya sura 256.

Ya mwisho, kisha unilipie chai. Kupima majivuno kulikuwa na dodoso la maswali 40. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha tafiti 11 za watu 2,250 zikionyesha kwamba swali moja linafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Moja! Wanakuuliza tu, kwa alama 1 hadi 7, wewe ni mtu wa kujiona kiasi gani? Wenye majivuno wanajibu kweli, kwa sababu hawaoni ubaya wake.

Haya, sema namba yako. Kwa sauti, mama wa maandazi naye asikie.