Kompyuta Isiyowaka Ipimwe Kabla ya Kupigwa Windows

Kompyuta ya mezani yenye umri wa miaka 10 au 15 inapogoma kuwaka, tiba ya kwanza katika maduka mengi ya mafundi ni moja tu: ipigwe Windows upya. Tiba hiyo imezoeleka kiasi kwamba wateja wenyewe huiomba kabla kasha halijafunguliwa. Nashikilia kwamba utaratibu huu umewekwa miguu juu kichwa chini. Windows ni ya mwisho kuamka katika safari ya kuwaka kwa kompyuta, na mashine iliyogoma huweza kuwa imekwama mbali sana kabla ya kuifikia. Kubadilisha programu ambayo haijapata hata nafasi ya kuitwa ni kama kumnywesha mtu dawa ya malaria kwa sababu tu mwili wake una joto. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilihimiza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe, na mashine nayo inastahili kipimo chake.

Kipimo chenyewe kimo katika mpangilio wa kuwaka. Ukibonyeza kitufe, pawasaplai hugeuza umeme wa ukutani wa volti 230 kuwa volti 12, 5 na 3.3. Katika mfumo wa ATX, ambao Intel iliutoa mwaka 1995, pawasaplai husubiri volti hizo zitulie, kisha baada ya milisekunde 100 hadi 500 huipelekea madabodi ishara kwamba umeme uko sawa. Mpaka ishara hiyo ifike, prosesa huzuiwa isifanye lolote. Hapo ndipo BIOS, programu ndogo inayokaa kwenye madabodi yenyewe, huamka na kuanza ukaguzi: prosesa ipo, RAM inajibu, kadi ya picha inafanya kazi. Ikiridhika, huitafuta diski, na diski ndiyo huiita Windows. Kila hatua hubebwa na ile iliyoitangulia, kwa hiyo ukijua mashine imeishia wapi, umekwisha kuondoa nusu ya washukiwa bila kununua kifaa chochote.

Wala si lazima kubahatisha, kwa sababu mashine nyingi za zamani hutaja zenyewe zilipokwama. HP Compaq za ofisini, ambazo zimejaa katika soko letu la mitumba, humulika taa nyekundu na kulia kwa idadi maalumu: mara 2 prosesa imezidiwa na joto, mara 4 umeme una hitilafu, mara 5 ni RAM. Dell OptiPlex nyingi za enzi hizo zina taa ndogo 4 zenye namba, na mchanganyiko wa zile zinazowaka humwelekeza fundi kwenye kifaa chenye tatizo. Idadi ya milio hutofautiana kati ya watengenezaji, kwa hiyo inafaa kusoma mwongozo wa modeli husika badala ya kukariri jedwali moja. Inasikitisha kwamba ishara hizi, zilizowekwa makusudi kwa ajili ya saa kama hii, hupuuzwa kama kelele tu.

Mashine ikiwa kimya kabisa, bila feni wala taa, mshukiwa ni umeme. Jaribu soketi nyingine na waya mwingine, kisha tazama swichi ya nyuma. Baadhi ya pawasaplai za zamani zina pia kiteuzi chekundu cha volti 115 na 230, ambacho katika nchi zetu lazima kisome 230. Ikiwa mashine huwaka baada ya kubonyezwa mara nyingi, hasa asubuhi ikiwa baridi, tazama kapasita, vile vipipa vidogo vilivyosimama kwenye madabodi. Kapasita zilizochoka hufanya kazi afadhali zikipata joto, ndiyo maana mashine huonekana imepona mchana na kugoma tena kesho yake. Hili si jambo la kudhania. Kuanzia mwaka 1999 hivi hadi 2007, soko la dunia liliingiwa na kapasita zenye kimiminika kilichochanganywa vibaya, zikawa zinatoa gesi, kuvimba vichwa na kuvuja. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 za Marekani kushughulikia OptiPlex zilizoathirika. Hata kapasita nzuri huzeeka, na kanuni ya wahandisi ni kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10 umri wake hupungua kwa takriban nusu. Kompyuta iliyojaa vumbi katika chumba cha Dar es Salaam au Mombasa huzitesa kapasita zake kuliko ile iliyosafishwa. Hakuna Windows iwezayo kunyoosha kapasita iliyovimba.

Feni zikizunguka huku skrini ikibaki nyeusi, umeme umefika lakini huenda ukaguzi umekwama, na mara nyingi hapo ni RAM. Miguu yake ya shaba iliyopakwa dhahabu hushika uchafu, na hewa ya pwani yenye chumvi na unyevu huzidisha tatizo. Chomoa waya wa umeme, toa kipande cha RAM, fanya miguu iwe safi kwa kifutio cha penseli au spiriti, kisha kirudishe mpaka vibano vifunge. Vikiwa viwili, jaribu kimoja kimoja. Badilisha jambo moja kwa wakati, kwani ukigusa matatu pamoja na mashine ikawaka, hutajua kilichoiponya ni kipi.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni wa kibetri cha CR2032, kile cha duara chenye kipenyo cha milimita 20 na volti 3, kinachotunza saa na mipangilio ya BIOS mashine ikiwa imezimwa. Kikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na mipangilio hurejea ile ya kiwandani. Mmoja wa mipangilio hiyo huamua namna madabodi inavyozungumza na diski. Ukibadilika, Windows iliyozoea namna ya kwanza huanguka na skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B, ingawa diski ni nzima na Windows yenyewe haina doa. Sasa fundi akiipiga Windows upya, ile mpya hujisakinisha kwa kufuata mpangilio uliopo, na mashine huwaka. Mteja hufurahi, fundi huamini tiba yake, na mafaili ya miaka mingi yaliyokuwa kwenye diski yamefutwa kwa ajili ya kibetri cha bei ndogo ambacho bado kimekaa pale kikiwa kimekufa.

Hapo ndipo linapojibika pingamizi kubwa la mafundi, kwamba tiba yao huponya. Ni kweli kwamba mafaili ya Windows huharibika, hasa umeme unapokatika ghafla, na katika hali hiyo kuipiga upya huwa halali. Lakini kuwaka kwa mashine baada ya tiba hakuthibitishi ugonjwa ulikuwa upi. Wengine husema vipimo hupoteza muda. Kukagua waya, RAM na betri ni kazi ya dakika chache, wakati kusakinisha Windows kwenye diski ya zamani inayozunguka hula muda mrefu zaidi. Na diski ikianza kugonga kwa sauti ya tik-tik, kuiandika upya ndiko kunaweza kuimaliza. Inapaswa kuzimwa, na mafaili yaokolewe kwanza kupitia kompyuta nyingine.

Pingamizi la kwamba mashine kuukuu haistahili taabu yote hii lina uzito wake. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za kabla ya mwaka 2017 hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Madabodi ikifa, gharama ya kuitafuta nyingine yaweza kuzidi thamani ya kompyuta nzima, na kuiacha si kosa. Hata hivyo mashine iliyogoma kwa sababu ya RAM chafu haijafa, na kwa Linux bado itamfaa mwanafunzi au karani. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika robo. Madabodi nyingi zilizotengenezwa kabla ya Umoja wa Ulaya kuzuia risasi katika vifaa vya elektroniki mwezi Julai 2006 ziliungwa kwa risasi, madini ambayo hayana kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wa mtoto. Kompyuta inayotupwa bila kupimwa yaweza kuishia jalalani inakochomwa na watoto wakivuta moshi wake.

Hofu ya umeme ni ya haki, nayo ina mpaka unaoeleweka. Kabla ya kugusa chochote chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia ili mabaki ya umeme yaishe, kisha gusa chuma cha kasha kuondoa umeme tuli mwilini. Pawasaplai yenyewe usiifungue kamwe: kapasita zake kubwa hubeba takriban volti 325 na huweza kubaki nazo hata baada ya waya kuchomolewa. Ikishukiwa, ibadilishwe nzima. Na ukiipeleka mashine kwa fundi, mweleze uliona nini na ulisikia nini kabla haijakwama, mwombe akutajie hatua iliyoshindikana, na usikubali diski iguswe kabla mafaili yako hayajanakiliwa.